Shajara ya Maombi ya Kuhamia Cornell, Oktoba 2024 hadi Juni 2025

6 Oktoba 2024

Leo naanza kuweka kumbukumbu za maombi yangu ya kuhama kutoka chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ninachosoma hapa Syracuse, jimbo la New York, kwenda Chuo Kikuu cha Cornell kilichoko Ithaca, kwa mwaka wa masomo utakaoanza Agosti 2025. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wadogo zangu wawili na vijana wengine wa jumuiya yetu ya Wakongo tuliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wananiuliza maswali yale yale kila Jumapili baada ya ibada, nami nimeona kuwa majibu ya vipande vipande pale mlangoni mwa kanisa hayawafikishi popote.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini nimechagua chuo kikuu cha binafsi chenye masharti makali, wakati vipo vyuo vya jimbo vilivyo karibu na rahisi zaidi. Sikuchagua jina. Nataka kusoma sayansi ya mimea, hasa magonjwa na uzalishaji wa mbegu bora za muhogo, na Cornell ina wataalamu ambao wamelifanya zao hilo kuwa kazi yao. Aidha, shule yake ya kilimo ina hali ya pekee: tangu mwaka 1904 imekuwa ikiendeshwa na chuo hicho cha binafsi kwa msaada wa jimbo la New York, na kwa hiyo mkazi wa jimbo hili hulipa ada pungufu kuliko anayetoka nje. Wengi wetu hatujui jambo hilo, tukisikia neno «binafsi» tunafunga ukurasa.

Jambo la pili nililolipima ni nafasi zenyewe. Vyuo vikuu vya binafsi vyenye masharti makali kama hiki havipokei wanafunzi wa kuhama kutoka vyuo vingine kwa kiasi kimoja. Princeton iliacha kabisa kupokea wanafunzi wa kuhama mwaka 1990, ikaanza tena mwaka 2018, na idadi inayopokewa ni ndogo mno. Cornell hupokea mamia kila mwaka, wakiwamo wanaotoka vyuo vya jamii vya New York. Bado wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaokubaliwa, kwa hiyo nitaomba pia chuo cha jimbo cha sayansi ya mazingira na misitu, kilichoko hapa hapa Syracuse, ambako nikipata nafasi nitakwenda kwa moyo mweupe.

20 Oktoba 2024

Nimemaliza kupanga jedwali la masomo. Shule ya kilimo ya Cornell ina makubaliano na vyuo vya jamii vya jimbo, yanayoonyesha somo gani la chuo fulani linahesabika kuwa sawa na somo gani la kwao. Kazi ya mwombaji ni kulinganisha mstari kwa mstari, wala asidhani kwamba kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, aliyoilipia itavuka pamoja naye. Nilidhani hivyo mwaka wa kwanza, nikachukua somo la kompyuta la ofisini ambalo sasa naona halina mahali pa kukaa.

Kufikia Desemba nitakuwa na krediti 45. Ninazo biolojia ya kwanza pamoja na maabara, kemia zote mbili pamoja na maabara, uandishi wa kwanza, takwimu na kalkulasi. Zinazobaki ni biolojia ya pili na uandishi wa pili, ambazo ni lazima zimalizike kabla ya Mei, na alama iliyo chini ya C haitafaa kitu. Nimeandikisha masomo hayo leo leo kwa muhula wa Januari, kabla darasa la maabara la jioni halijajaa, kwa sababu asubuhi niko kazini.

15 Novemba 2024

Nimekwenda Ithaca kwa basi, safari ya kama kilomita 90. Mji uko kwenye ncha ya kusini ya ziwa Cayuga, ziwa jembamba lililonyooka kati ya vilima, na mtu aliyelelewa na hadithi za wazazi kuhusu Uvira na ziwa Tanganyika hawezi kulitazama bila kusimama kidogo.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jumba la kioo lililopewa jina la Liberty Hyde Bailey, mkuu wa shule hiyo ya kilimo wakati jimbo lilipoanza kuisaidia. Nilipofungua mlango miwani yangu ilifunga ukungu papo hapo. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya udongo uliolowa na majani yanayooza, na kwa mara ya kwanza tangu nilipofika Marekani Desemba 2019 nilivua koti nje ya nyumba bila kuwaza. Nilikaa humo saa nzima nikisoma vibao vya mimea.

Baadaye nilizungumza na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu aliyekubali kunipa nusu saa. Alinieleza mradi wa NextGen Cassava ulioanza mwaka 2012, ulioongozwa kutoka Cornell na kufanya kazi na watafiti wa Nigeria, Uganda na Tanzania. Kuzalisha aina mpya ya muhogo kwa njia ya kawaida huchukua miaka mingi, kwa kuwa mmea hutoa maua kwa kusitasita na huongezwa kwa vijiti. Wao husoma vinasaba vya miche michanga, wakakadiria ni ipi itakayofaa kabla haijakaa shambani msimu baada ya msimu. Taarifa zote huwekwa katika hifadhidata iliyo wazi iitwayo Cassavabase, inayotunzwa katika taasisi ya Boyce Thompson iliyoko katika eneo hilo hilo la chuo. Nimeifungua usiku huu nikiwa kitandani, na kweli mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuingia na kusoma.

24 Novemba 2024

Fomu za fedha. Fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, mwaka huu ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 21 Novemba. Mkimbizi na mwenye ukazi wa kudumu wana haki ya kuijaza sawa na raia, na hili nalirudia kwa sababu bado wapo wazee wetu wanaowaambia watoto kwamba msaada huo si wetu. Ruzuku ya Pell inayotokana na fomu hiyo hufikia dola 7,395 kwa mwaka, na ya jimbo iitwayo TAP hufikia dola 5,665.

Fomu ya pili, CSS Profile, ndiyo inayochosha. Hutumiwa na vyuo vingi vya binafsi, na huuliza mengi kuliko ile ya serikali: akiba, gari, kodi ya nyumba, matibabu, fedha zinazotumwa kwa ndugu. Mama alitoka zamu ya usiku ya usafi hospitalini, akalala kwa saa mbili tu, akaja mezani na mfuko wake wa plastiki wenye karatasi zote za familia. Alinisomea fomu ya W-2, ile ya mshahara na kodi ya mwaka, herufi kwa herufi. Tulipofika kwenye swali la baba, aliinua kichwa akauliza ni nani atakayesoma majibu haya na kwa nini wanataka kujua. Nilimweleza kwamba ni ofisi ya misaada ya chuo, wala haihusiani na uhamiaji.

«Mwanangu,» akaniambia, «tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wako iliandikwa vibaya mara moja tu kambini, tukasubiri miezi minane. Andika kama ilivyo kwenye karatasi, usiandike unavyokumbuka.»

Kwa hiyo tulianza upya. Mwaka wa kufariki baba, 2014, tuliuandika kutoka kwenye cheti. Fedha tunazomtumia shangazi Nyarugusu tulizitafuta kwenye risiti moja moja, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekadiria na makadirio yangu yalikuwa juu. Tulimaliza saa tisa alasiri, naye akarudi kulala kabla ya zamu. Ada ya fomu hiyo hatukulipa, kwa sababu familia zenye kipato kidogo husamehewa. Muombaji yeyote asikubali kukwamishwa na ada kabla hajauliza msamaha.

8 Desemba 2024

Hapa ndipo maombi yangu yanapotofautiana na ya wanafunzi wenzangu. Chuo hutaka pia rekodi za shule ya sekondari. Mimi sikumaliza sekondari hapa. Nilifika nikiwa na miaka 17, nikaingia shule ya mjini miezi michache kabla ya janga la korona kufunga madarasa, kisha nikaenda kazini. Mwaka 2022 nilifanya mtihani wa GED, unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, nikafaulu, na matokeo yake rasmi hayana tatizo. Kinachokosekana ni miaka yangu ya sekondari kambini, tulikosoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, tukiwa ndani ya Tanzania.

Katika mfuko wa Mama nimepata biletini mbili, yaani ripoti za matokeo ya shule. Moja imeliwa na mchwa kwenye kona, jina la shule limebaki nusu, lakini muhuri wa zambarau na jumla ya alama vinasomeka: asilimia 68. Nilipoiona nilifurahi, kisha nikatulia. Katika mfumo wa Kongo anayepata 50 amefaulu, na 68 ni matokeo ambayo mzazi huwaonyesha majirani. Msomaji wa Marekani, ambaye amezoea alama za 90, atadhani nilikuwa nikiburuta miguu. Namba ni ile ile, maana ni mbili.

Nimefanya mambo matatu. Nimempata mtafsiri wa Kifaransa anayetambuliwa kisheria. Nimeandika maelezo ya nusu ukurasa kuhusu mfumo wa alama, bila kulalamika wala kujisifu. Na nimempigia shangazi, dada yake baba, ambaye bado yuko Nyarugusu, nikamwomba aende shuleni kuulizia biletini zilizobaki.

22 Desemba 2024

Shangazi amekwenda mara tatu. Daftari la mwaka wangu halikuonekana, lakini mwalimu mkuu wa sasa alikubali kuandika barua yenye muhuri, akithibitisha miaka niliyosoma na kwamba shule ilifuata mtaala wa Kongo. Picha yake imefika kwenye simu leo alfajiri. Karatasi imewekwa juu ya kanga yenye maua mekundu ili isichafuke, na kidole gumba cha shangazi kinaonekana pembeni kikiishikilia isipeperuke. Nimemwandikia ofisa wa udahili kumweleza nilicho nacho na nisichoweza kupata. Alinijibu kwa upole kwamba nipakie vyote pamoja na tafsiri na maelezo.

12 Januari 2025

Insha. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kila kitu: wazazi kukimbia Uvira, kuzaliwa kambini mwaka 2002, foleni za maji, mgao wa chakula, ndege, theluji. Nilimpelekea mwalimu wangu wa biolojia, ambaye nimemwomba pia barua ya mapendekezo. Aliisoma yote kimya, kisha akaniuliza maswali mawili: ni swali gani la kisayansi umeshindwa kulijibu katika chuo hiki, na ni kitu gani cha hapa kimekufikisha kwenye swali hilo? Insha yangu haikujibu hata moja.

Nimelifikiria siku nne. Mwombaji anayetoka sekondari anaweza kusema anachotumaini kuwa. Anayehama ana miaka miwili ya chuo mgongoni, na msomaji ana haki ya kuuliza ameifanyia nini, na kwa nini aondoke. Akisema chuo chake ni kibaya, amewatukana waliomfundisha. Akisema ni kizuri tu, hana sababu ya kuhama. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na nilikuwa nimeikwepa kwa kusimulia maisha.

26 Januari 2025

Tarehe 20 amri ya rais ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Shangazi alikuwa amekwisha kufanya mahojiano na vipimo vya afya. Wiki hii sikuandika kitu.

18 Februari 2025

Bukavu imeangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 16, baada ya Goma mwezi uliopita, na watu wanakimbilia Uvira. Mama hashiki simu nyingine ila ile yenye namba za ndugu zake. Nimefanya mtihani wa maabara nikiwa nimelala kwa saa tatu tu, nikapata 81.

Nimewaza pia kama niirudishe ile rasimu ya kwanza, maana sasa habari za Kongo zimo kwenye magazeti ya hapa. Nimekataa. Sitaki mtu anipe kiti darasani kwa sababu mji wa mama yangu unakaribia kushambuliwa, na nadhani si sahihi kuyatumia mateso ya watu walioko barabarani usiku huu kujaza nafasi katika ukurasa wangu. Kambi itabaki kwenye insha mahali pale tu ambapo muhogo ulioteshwa.

2 Machi 2025

Insha imepatikana. Inaanza nyuma ya nyumba yetu kambini, ambako Mama alikuwa na mashina kama ishirini ya muhogo. Majani yalikuwa mabichi, tukachuma sombe, yaani kisamvu, miezi yote. Siku ya kuvuna, Mama alikata kiazi cha kwanza kwa panga, na ndani nyama nyeupe ilikuwa na madoa ya kahawia makavu kama kizibo cha chupa. Akakata cha pili, cha tatu. Alivikata vyote pale pale, akitenga vipande vyeupe kwenye beseni na kuvitupa vya kahawia, na beseni halikujaa. Nilimuuliza mbona majani hayakutuonyesha dalili. Hakuwa na jibu.

Jina la ugonjwa, michirizi kahawia, nimelijua hapa Syracuse, katika maktaba ya chuo cha jamii. Ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, Tanga. Husababishwa na virusi, husambazwa na inzi weupe, na husafiri mbali zaidi ndani ya vijiti vya mbegu ambavyo majirani hupeana kwa wema. Kisha insha inaingia maabara yetu ya jioni, ambako nilijifunza kutoa DNA kwenye jani na kuiongeza kwa mashine ya PCR, na darasa la takwimu, ambako nilitumia takwimu za wazi za Cassavabase kwa kazi ya mwisho wa muhula. Nikagundua kwamba naweza kulinganisha wastani wa aina mbili za muhogo, lakini siwezi kueleza kwa nini aina moja huvumilia virusi na nyingine huoza. Chuo chetu hakina kozi ya jenetiki ya mimea wala ya magonjwa ya mimea. Hiyo ndiyo sababu ya kuhama, na imeandikwa kwa shukrani kwa maabara ya jioni.

Mwalimu ameisoma na kusahihisha koma mbili.

13 Machi 2025

Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15, nami nimetuma leo saa nne usiku kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo. Kwa wanaonifuata, nakiri kosa langu: niliagiza nakala rasmi ya matokeo mapema Desemba, kabla alama za muhula huo hazijaingizwa, ikafika ikiwa na krediti 32 badala ya 45, nikalazimika kuagiza na kulipia nyingine. Vilevile fomu ya msajili, inayothibitisha hali ya mwanafunzi kimasomo na kinidhamu, hujazwa na ofisi na si na mwombaji, kwa hiyo iombwe wiki tatu kabla. Barua za walimu nazo ziombwe mwalimu angali na nafasi, si wiki ya mitihani.

9 Aprili 2025

Fomu ya maendeleo ya katikati ya muhula imetumwa. Nilizunguka kwa kila mwalimu kupata alama ya sasa: biolojia ya pili A-, uandishi B+. Chuo cha mazingira kimenikubali. Mama amebandika barua yake kwenye friji, na amesema hataiondoa hata nyingine ikija.

23 Mei 2025

Nimekubaliwa Cornell, shule ya kilimo, sayansi ya mimea.

Nilikuwa kazini nilipofungua ujumbe, nikaenda chumba cha kuwekea mizigo nikausoma tena kuanzia jina langu, nikiangalia kama limeandikwa sawasawa. Limeandikwa sawasawa. Mama alikuwa amelala kwa ajili ya zamu. Nilisubiri hadi saa kumi na moja jioni, nikamwekea chai, kisha nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alilia kidogo, akanyamaza, akauliza barua ya fedha iko wapi.

1 Juni 2025

Barua ya fedha tumeisoma mezani usiku wa jana kwa kalamu mbili. Mama alipiga mstari chini ya kila ruzuku, mimi nikazungushia kila mkopo, kwa sababu barua huviweka vyote katika safu moja ya msaada ilhali kimoja hurudishwa na kingine hakirudishwi. Tulitoa jumla ya ruzuku kwenye gharama yote, pamoja na chumba, chakula, vitabu na nauli ya basi la Syracuse. Kinachobaki kinafikiwa na kazi ya saa chache chuoni pamoja na mkopo mdogo wa serikali, na hatutaacha kumtumia shangazi. Nimethibitisha nafasi.

Katika krediti zangu 60, zimepokelewa 54 kwa hesabu ya awali. Somo la kompyuta la ofisini halimo, kama nilivyotarajia. Somo moja la uandishi liko kwenye uchunguzi, nami nimetuma muhtasari wake pamoja na insha mbili nilizoandika darasani. Nakala ya mwisho ya matokeo nimeiagiza safari hii baada ya kuona alama zote mtandaoni. Shangazi nimempelekea picha ya barua ya udahili, nikiwa nimeiweka juu ya kanga ya Mama. Amejibu kwa sauti, akiniita mtoto wa kaka yake, na akauliza kama kule niendako watakubali kupokea vijiti vya muhogo kutoka kambini. Nimemweleza kwamba havipiti mpakani bila karantini na vibali, lakini picha za majani na za viazi vilivyokatwa zinapita. Kesho atapiga za shamba la jirani yake.